Usijishushe, Usijipandishe: Somo kwa Kijana Anayekwenda Kwenye Usaili



Kila majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotoka, simu yangu haipumziki. "Kaka, nimeitwa Dodoma, niombee." Naomba, sikatai. Lakini nikiuliza umejiandaa vipi, najibiwa, "Nimeshaanza novena." Vizuri. Na tangazo la kazi umelisoma tena? Kimya. Majukumu ya hiyo kazi unaweza kunitajia matatu? Kimya tena. Sasa ndugu yangu, nyumbani wameuza kuku na mahindi ili upate nauli ya basi na pesa ya kulala, maana kila msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Huwezi kwenda kule kujaribu bahati.

Mimi nimekaa upande wa waulizaji mara kadhaa, katika taasisi binafsi, na kwa miaka nimekuwa mlezi wa VIWAWA parokiani kwetu. Kwa pande zote mbili nimeona jambo moja linalowaangusha vijana wetu kuliko Kiingereza na kuliko ufaulu wa chuo. Hawajui kusema ukweli kuhusu wao wenyewe. Kuna wanaojishusha mpaka wanatoweka, na kuna wanaojipandisha mpaka wanadanganya. Wote wawili wanatoka mle ndani bila jopo kujua hasa ni nani alikuja.

Nehemia mbele ya mfalme

Chukua Biblia, fungua kitabu cha Nehemia, soma sura ya 1 yote na sura ya 2 hadi aya ya 8. Si ndefu. Ukimaliza rudi hapa.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, kule Shushani. Analetewa habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Analia, anafunga, anasali. Huo ni mwezi wa Kisleu. Mfalme anakuja kumuuliza swali mwezi wa Nisani. Ukihesabu, ni kama miezi minne hivi. Wengi wetu tukisoma tunairuka hiyo miezi minne kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi nadhani utamu wa habari yote umo humo humo.

Siku ilipofika, mfalme anamwona uso umekunjamana na anauliza kulikoni, mbona huumwi? Nehemia mwenyewe anasema aliogopa sana. (Kwa hiyo ukitetemeka pale mlangoni, si dhambi, wala si dalili kwamba imani yako ni haba.) Anaeleza shida yake. Mfalme anauliza, sasa unaomba nini? Hapo, kati ya swali na jibu, Nehemia anasali. Ni sala ya kupepesa jicho tu, kwa sababu zile ndefu alishazisali nyumbani. Halafu anajibu, na jibu lake ndilo linalotuonyesha alivyoitumia ile miezi minne.

Anasema apewe ruhusa akajenge. Anaulizwa safari itachukua muda gani na atarudi lini, anataja muda. Anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Anaomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti kwa ajili ya malango ya ngome, kwa ajili ya ukuta wa mji, na kwa ajili ya nyumba atakayokaa yeye mwenyewe. Yaani anamjua mtunza msitu kwa jina! Anajua mbao zinatakiwa wapi na wapi. Majibu ya namna hiyo hayaji kwa kukurupuka. Yule mtu alikuwa anasali usiku na kuuliza maswali mchana.

Kuna na hili, ambalo nililigundua niliposoma kitabu cha Ezra, sura ya 4. Pale inaelezwa kwamba Artashasta aliwahi kuagiza ujenzi wa Yerusalemu usimamishwe. Kumbe Nehemia alikuwa anamwomba kazi mtu aliyekwisha kuipiga marufuku kazi yenyewe! Tazama basi anavyoanza. Anataja mji wenye makaburi ya baba zake, jambo ambalo mfalme yeyote angeliheshimu. Neno Yerusalemu halimo kabisa katika maneno anayomwambia mfalme. Hakusema uongo hata mmoja. Alijua anazungumza na nani, akachagua pa kuanzia.

Tafuta Asafu wako

Tuje kwetu. Wengi mnaonipigia mmeomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Siku hizi hata walimu, ambao zamani walikuwa wakipangiwa shule moja kwa moja, wanapita kwenye usaili. Kwa kawaida unaanza usaili wa mchujo, ule wa maswali ya kujibu kwenye karatasi au kompyuta. Kada zinazohitaji ujuzi wa mkono, kama udereva, zina usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano ana kwa ana mbele ya jopo.

Mahali pa kuanzia ni tangazo lenyewe, lile ulilotumia kuomba. Watu wakishatuma maombi hulisahau. Lipakue, liandike kwa mkono kwenye daftari, hasa sehemu ya majukumu ya kazi. Kisha kwa kila jukumu jiulize: hili linafanywaje siku ya Jumatatu asubuhi ofisini? Mimi nimewahi kulifanya wapi, hata kwa udogo? Lina sheria au utaratibu gani?

Nikupe mfano. Unakwenda kuombea nafasi ya afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri. Jopo likikuuliza kuhusu kuwezesha vikundi, wale mia moja wanaosubiri nje watasema, "Nitatoa elimu kwa jamii." Sawa, elimu gani? Wewe ujue kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ujue kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halafu uende kwa mama mmoja wa jumuiya yenu aliyewahi kukopa na kikundi chake, umuulize kwa nini marejesho yalikwama. Atakwambia mambo ambayo huwezi kuyapata kwenye intaneti: kwamba wawili walihama, kwamba bei ya vifaranga ilipanda, kwamba mwenyekiti alichukua sehemu kubwa. Huyo mama ndiye Asafu wako. Ukienda na maneno yake, jopo litaona mtu anayeijua kazi.

Makaratasi nayaeleza haraka kwa sababu kila tangazo la kuitwa kwenye usaili limeyaandika, ila vijana hawasomi hadi mwisho. Vyeti halisi, cha kuzaliwa kikiwemo. Hati za matokeo na zile barua za muda za chuo hazikubaliwi badala ya cheti. Kitambulisho. Namba yako ya usaili unaingia mwenyewe kwenye akaunti yako kuinakili mapema, kwa sababu siku yenyewe hutapewa. Aliyesoma nje ya nchi, vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika.

Kwenye majina nitasimama kidogo, kwa kuwa sisi Wakatoliki ndio tunaoumia zaidi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo alilokupa babu. Padre akakubatiza Yohane. Shuleni mwalimu akaandika John. Kwenye kitambulisho cha taifa umekuwa Yohana. Kwako ni mtu mmoja, ila kwa mhakiki wa vyeti ni watu wanne. Majina yakitofautiana unatakiwa kuwa na hati ya kisheria ya majina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa siku moja. Usingoje kuitwa. Leo jioni panga vyeti vyako vyote mezani, uyasome majina herufi kwa herufi.

Dhambi mbili

Sasa tuingie kwenye moyo wa somo.

Tumelelewa vizuri. Tumefundishwa kwamba kujisifu ni vibaya, na ni kweli: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2481, inaweka majivuno kati ya makosa dhidi ya ukweli. Angalia vizuri yamewekwa wapi. Yamo kwenye amri ya nane, ile ya uongo. Ubaya wa majivuno unaozungumziwa hapo ni kwamba yanapotosha ukweli.

Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwenda mbele zaidi. Katika Summa yake kubwa, anapoeleza fadhila ya ukweli, anataja makosa mawili yanayoipinga linapokuja suala la kujieleza. La kwanza ni kujikweza, kusema makubwa usiyokuwa nayo. La pili, na hili wengi hawajawahi kulisikia kanisani, ni kujidunisha kwa uongo: kukana jema ambalo unajua kabisa unalo. Anasema hilo nalo ni dhambi. Anatofautisha: kunyamaza kuhusu baadhi ya mema yako si kosa, tena mtu mkweli huelekea kusema pungufu kuliko kuzidisha. Kosa ni kusema "sina" wakati unacho. Kati ya hizo mbili anaona kujikweza kwa kawaida ni kubaya zaidi, ila hakuiacha ya pili ipite kama fadhila. Na Mtakatifu Teresa wa Avila alipotafakari kwa nini Mungu anapenda unyenyekevu kiasi hicho, aliona kwamba kuwa mnyenyekevu ni kutembea katika ukweli.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Parokiani tulifanya mazoezi ya usaili, mimi na walezi wenzangu wawili tukiwa jopo. Akaingia kijana mmoja aliyeomba nafasi ya mhasibu msaidizi. Tukamwambia, tueleze kwa kifupi kuhusu wewe na uzoefu wako. Akajibu, macho chini: "Mimi kwa kweli sina uzoefu, tangu nimalize chuo niko tu nyumbani."

Niko tu nyumbani! Huyo huyo ndiye mtunza hazina wetu wa vijana. Huyo huyo ndiye anayesimamia kibanda cha wakala wa fedha cha mjomba wake. Nikamuuliza baadaye, mbona hukusema? Akasema ya hazina aliona ni kujisifu, na ya kibanda aliona aibu.

Tukakaa naye, tukaandika upya, bila kuongeza hata tone la chumvi. Likawa hivi: "Nina stashahada ya uhasibu. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikisimamia kibanda cha wakala wa fedha kwa njia ya simu. Kila jioni nafunga hesabu, nalinganisha floti na fedha taslimu, na vikitofautiana natafuta kosa lilipo kabla sijafunga kibanda. Vilevile ni mtunza hazina wa kikundi cha vijana. Tulipokwenda hija nilipokea michango, nikalipa basi na chakula, nikatoa hesabu kwa kamati pamoja na risiti zote." Basi. Umesikia majivuno hapo? Kila neno ni kweli, na kila neno linaweza kuulizwa likajibiwa. Hakuna "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mbunifu". Uaminifu wake unaonekana kwenye risiti.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: acha sifa, simulia tendo. Hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Majivuno hayapati pa kukaa kwenye simulizi la namna hiyo, na ule uongo wa "sina kitu" haupati pia. Bodaboda, genge, kufundisha watoto masomo ya jioni, kumuuguza bibi kwa mwaka mzima: vyote vinasemeka. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba msingi wa thamani ya kazi ni kuwa anayeifanya ni mtu. Kibanda cha mjomba kimo humo. Na Kanisa kumweka Mtakatifu Yosefu kuwa na sikukuu yake kama mfanyakazi, tarehe 1 Mei, jambo lililofanywa na Papa Pio XII mwaka 1955, halikuwa pambo la kalenda. Yule alikuwa fundi mwenye vumbi la mbao.

Upande wa pili sasa. Siku moja kwenye jopo tulikuwa na barua ya kijana aliyeandika kwamba aliongoza mradi wa maji wa kijiji. Nikamuuliza: kisima kina urefu gani kwenda chini? Nani alikuwa anamlipa fundi? Pampu ikiharibika wananchi wanamwita nani? Akaanza kutoa jasho. Ilipofika swali la tatu akasema alihudhuria kikao cha kutambulisha mradi na akaandika muhtasari. Maskini, kama angeandika hivyo tangu mwanzo! Tulikuwa tunatafuta mtu wa kuandika taarifa. Ukweli wake ulikuwa unatosha, akaufukia chini ya uongo.

Uongo huu una matawi marefu. Mnakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Kulikuwamo watu waliokwishafanya kazi miaka mingi, wana watoto shuleni, wana mikopo benki. Siandiki kuwacheka. Naandika kwa sababu ninajua kuna mtu anasoma hapa ambaye ameshaelekezwa kwa "fundi" wa vyeti.

Maswali matatu yanayowasumbua

*Udhaifu wako ni upi?* Mmefundishana kujibu, "Mimi huwa nafanya kazi kupita kiasi." Jopo limelisikia jibu hilo asubuhi hiyo mara kumi na tano. Wewe una faida ambayo wenzako wengine hawana: umefundishwa kutafiti dhamiri tangu komunyo ya kwanza. Unajua kutaja kosa kwa jina lake bila kuzunguka na bila kusingizia mtu. Tumia hiyo. "Huwa nachelewa kuomba msaada, nikikwama najaribu peke yangu muda mrefu. Siku hizi nimejiwekea kwamba nikikwama zaidi ya saa moja namuuliza mwenzangu." Ila tafadhali, jopo si kiti cha kitubio! Hutakiwi kueleza dhambi zako wala mambo ya nyumbani. Taja udhaifu wa kazi, na unachofanya kuurekebisha.

*Swali usilolijua.* Sema, "Hilo silifahamu," kisha useme la karibu unalolifahamu, kama lipo. Kubabaisha kwa dakika tatu kunakula alama zako na muda wao. Mjumbe wa jopo aliyekuwa na shaka na majibu yako mengine, akikusikia unakiri moja kwa uwazi, anaanza kuyaamini yale mengine.

*Mshahara.* Serikalini ngazi ya mshahara huandikwa kwenye tangazo, hakuna cha kujadili. Kwenye taasisi binafsi uliza mapema watu wa kada hiyo wanalipwa kiasi gani mjini hapo, utaje kiwango unachoweza kukitetea. "Chochote mtakachonipa" si unyenyekevu, ndugu zangu. Ni lile lile kosa la pili la Mtakatifu Thoma, limevaa kanzu.

Simu ya usiku

Hapa naomba usome taratibu, hasa ninyi wadogo zangu wa kike.

Kati ya siku unayoitwa na siku ya mahojiano, inaweza kuja simu. Mtu ana sauti ya heshima, anajua jina lako lote na kada uliyoomba. Anasema yuko jikoni, nafasi zimebaki mbili, ukituma laki tatu leo jina lako linapita. Usishangae kwamba anajua jina lako. Orodha ya walioitwa inawekwa hadharani, kila mtu anaiona. Mara nyingi huyo ni tapeli tu, hana jiko lolote. Lakini hata kama angekuwa nalo kweli, fikiri unachonunua. Kuna mwenzako aliyejibu vizuri kuliko wewe, ambaye mama yake naye aliuza kuku. Nafasi hiyo inatoka mikononi mwake.

Na kuna anayeomba kitu kingine, si fedha. "Njoo tuzungumze hotelini." Hiyo ina jina: ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja kuwa kosa la jinai. Kosa kwa mujibu wa kifungu hicho ni la mwenye mamlaka anayedai. Wewe uliyedaiwa hujafanya dhambi, hujajitakia, wala haihusiani na ulivyovaa. Usiende. Usifute ujumbe wala usibadilishe simu. Piga picha ya maandishi yale, andika tarehe na saa, kisha mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini, awe mama, mlezi, au sista wa parokia. TAKUKURU wanapatikana bure kwa namba 113. Nimewahi kusikia wazee wakimwambia binti anyamaze ili asiharibu "bahati". Mimi siwezi kukwambia hivyo, na ninaamini hakuna padre mwenye akili timamu atakayekwambia hivyo.

Najua jibu mnalonipa: "Kaka, maadili hayalipi kodi ya nyumba." Sikatai kwamba kuna waliolipa wakapata, na kuna waliokataa wakakosa. Nawajua wa aina zote mbili. Siwezi kukuahidi kwamba ukikataa utaipata kazi hiyo. Ninachojua ni kwamba aliyeingia kwa mlango ule anabaki na mtu anayeweza kumpigia simu tena siku yoyote, na sauti haitakuwa ya heshima kama mara ya kwanza.

Tofautisha jambo hili na barua ya paroko. Kumwomba paroko, mwalimu wa chuo au msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo akushuhudie ni halali kabisa. Ila muombe kabla hujaandika jina lake, na umpe nakala ya tangazo ili ajue anashuhudia nini. Paroko mwenye waumini elfu kadhaa, akipigiwa ghafla na kuulizwa habari zako, atasema tu, "Ni kijana mzuri." Hiyo haikusaidii.

Siku yenyewe

Kama unatoka mkoani, fika siku moja kabla, uende ukaone jengo lenyewe kwa macho. Kama kuna Misa ya asubuhi karibu na muda unaruhusu, nenda. Kama hairuhusu, usichelewe usaili kwa sababu ya Misa ya siku ya kawaida. Baki na sala fupi, ile ya Nehemia, ya kati ya swali na jibu. Mimi huwafundisha vijana wetu kuvuta pumzi moja baada ya kila swali na kusema moyoni, "Bwana, nisaidie niseme kweli." Inachukua sekunde tatu, na jopo litadhani unafikiri. Na utakuwa unafikiri kweli.

Mlangoni salimia kwa adabu, "shikamooni" ikiwa ni wakubwa kwako, "habari za asubuhi" ikiwa huna uhakika. Usiingie ofisi ya umma na "Tumsifu Yesu Kristo". Jopo lina watu wa dini zote, na imani yako itaonekana kwa namna nyingine. Subiri uambiwe ukae. Mahojiano yakiwa ya Kiingereza, ukaona neno limekupotea, tafuta neno jepesi zaidi uendelee; sentensi fupi iliyonyooka inatosha. Wakikuuliza kama una swali, uliza moja linalohusu kazi. Nehemia naye aliondoka pale na barua kwa sababu aliziomba.

Ukitoka, kaa chini ya mti wowote kabla hujapanda bodaboda, uandike maswali yote uliyoulizwa na ulivyojibu. Usiku utakuwa umeshasahau nusu. Na matokeo yakitoka jina lako halipo, usichane daftari. Wanaofaulu mahojiano na kukosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na huweza kupangiwa kazi nafasi ikipatikana. Kwa hiyo namba yako ya simu isizimwe, na akaunti yako uendelee kuifungua.

Zoezi la wiki hii, mfanye wawili wawili au watatu. Kila mmoja aandike mambo matatu aliyoyafanya kweli tangu amalize shule, pamoja na lile analolionea aibu. Mwenzako awe jopo, ashike saa. Kila jambo lisimuliwe kwa dakika mbili, bila kutumia neno lolote la sifa. Mwenzako akikusikia unasema "tu", kama "nilikuwa nauza tu", akusimamishe uanze upya.